Anti, Naenda Kraków kwa Mwanangu, Nibebe Nini?

Tangu toleo lile nililoandika mistari miwili tu kwamba binti yangu ameolewa Kraków na mimi nimeshaenda kumwona mara tatu, meseji hazijakata jamani, kumbe tuko wengi hapa Arusha na Moshi wenye watu wetu Polandi, huyu kapeleka mtoto kusoma, yule kaka yake yuko kiwandani, mwingine ni kama mimi, kijana wa watu alikuja kupanda mlima akarudi kwao na mke. Sa nimechagua barua tano zinazofanana na za wengine wengi, kama yako haimo usinune, jibu lako nafikiri utalikuta humuhumu.

*Habari anti. Mimi ni mama wa miaka 58 nauza mitumba Mbuyuni hapa Moshi. Binti yangu anajifungua mwezi wa nne huko Kraków na anataka niende nikamlee, mume wake ni Mpolandi, wanasema kuna karatasi wananitafutia inaitwa zaproszenie. Huku kuna mtu wa mjini anataka nimpe laki nane anishughulikie viza. Benki sina hela za maana, nitapewa kweli? Na hiyo karatasi ni ya nini? – Mama wa Mbuyuni*

Mama mwenzangu, hongera ya mjukuu kwanza, alafu hiyo laki nane iache ilipo. Mi nililiwa hivyohivyo safari ya kwanza, kijana kavaa tai, ofisi ya chumba kimoja, akanijazia fomu ambayo hata jina la ukoo alikosea, nikaenda kuijaza upya mimi na mtoto wa jirani wa form four kwa nusu saa na hela haikurudi mpaka leo.

Unachoomba ni viza ya Schengen ya muda mfupi, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya zilizokubaliana. Polandi iliingia kwenye makubaliano hayo Desemba 2007, maana yake ndege yako ikipita Amsterdam huhitaji viza nyingine ya pale. Inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na hapo watu wengi wanateleza, wanadhani ukitoka ukaingia tena unaanza kuhesabu upya, hapana, siku zinajumlishwa tu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi hata wakikunyima. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla, lakini wewe usisubiri siku 15 za mwisho, majibu kwa kawaida ni siku 15 ila wakitaka kuchunguza zaidi yanaweza kufika 45, mjukuu hatakusubiri. Ubalozi wa Polandi uko Dar, unaenda mwenyewe kwa mguu wako kwa sababu wanachukua alama za vidole. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka kule. Na bima ya safari, hii usiiruke, lazima iwe ya angalau euro 30,000 ya matibabu, hata makampuni ya bima ya hapa wanakukatia.

Sa hiyo zaproszenie. Ni barua ya mwaliko lakini sio ile ya kuandika mezani na kusaini, mkweo anaenda ofisi ya mkoa wao, Kraków ni makao makuu ya mkoa unaitwa Małopolska, anajaza, analipa ada ya złoty 27, ndo hela yao, anaonyesha kipato chake na nyumba atakayokulaza, na anabeba dhamana ya kila kitu chako, chakula, malazi, ukiumwa, mpaka nauli ya kurudi. Wakikubali wanaiandikisha kwenye daftari lao ndo inakuwa na nguvu. Huyo mkweo ni raia kwa hiyo hana shida, ila nawaambia na wengine wenye watoto wageni kule, mtoto ambaye sio raia anaweza kualika kwa njia hii akiwa amekaa kihalali miaka mitano mfululizo au ana kibali cha kudumu, sio aliyefika juzi na pasi ya chuo. Mwambie akutumie orijino kwa kuria, sio picha ya WhatsApp.

Hiyo karatasi ndo inajibu lile swali lako la benki, kwa sababu anayekulipia yupo na anajulikana. Kinachobaki ni wewe kuonyesha kwamba utarudi. Mimi nilibeba leseni ya biashara, barua ya serikali ya mtaa, barua ya jumuiya kanisani, na stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita maana hela yangu yote inazungukia humo. Usije ukaazima milioni tano kwa shemeji ukazitumbukiza benki wiki moja kabla, wale watu wameona stetimenti nyingi kuliko sisi tulivyoona ndizi. Na dirishani ukiulizwa unaenda kufanya nini sema naenda kumlea mwanangu kajifungua, usianze habari za utalii.

Kingine kidogo. Kule mzazi akitoka hospitali mkunga anamfuata nyumbani, anaitwa położna, anakuja mara kadhaa, anamwangalia mama na mtoto. Wangu alikuja akanikuta nimemfunga binti tumbo kwa kanga nimeikaza sawasawa na chumba nimekiziba madirisha yote. Alifungua dirisha. Mwezi wa pili! Nikalifunga. Akalifungua. Hatuna lugha ya kuelewana, tunatazamana tu, mwishowe binti akasema mama kaa chini. Nimekaa chini, mtoto hajafa na baridi, na kanga akaniachia.

*Shikamoo anti. Nasafiri wiki tatu zijazo kwenda kwa kaka yangu Kraków, ana mke wa hukohuko. Nataka kubeba ndizi za mtori, maparachichi, nyama ya mbuzi iliyokaushwa, mtindi kidogo na dagaa, mama ananiambia nifunge vizuri tu hawataona. Na nikienda kwa wazazi wa wifi nibebe nini nisimwaibishe kaka? – Dada wa Himo*

Marahaba. Mama umwambie hivi, nyama na maziwa ya aina yoyote kutoka huku hayaingii Umoja wa Ulaya, hata ufunge kwenye mifuko mitano, hata uweke katikati ya nguo za ndani, wana mbwa wananusa. Mbuzi wako ataishia kwenye pipa uwanja wa ndege na wewe unaweza kulimwa faini. Mtindi achana nao kabisa kwa sababu wanao, wanaita zsiadłe mleko, maziwa mgando yaleyale, wanakula na viazi vya kuchemsha vimenyunyiziwa bizari ya majani, mi nilipowekewa mezani mara ya kwanza nikafikiri mtu kaniletea kutoka Machame.

Habari njema ni ndizi. Matunda na mboga karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea, parachichi limo humo, kwa hiyo maparachichi waachie walaji wa Himo. Lakini kuna matunda matano wameyaacha huru, nanasi, nazi, ndizi, tende na lile duriani la Waasia. Ndizi imo! Na ndizi ya kupika imo. Kwa hiyo mtori wa wifi upo salama, nyama utanunua kule. Dagaa nao wanapita, samaki wanaruhusu mpaka kilo 20 kwa mtu, asali mpaka kilo mbili. Kahawa ya kukaanga beba kwa wingi, hiyo hakuna mkwe aliyewahi kuikataa, na iwe imeandikwa Kilimanjaro maana wanaujua mlima kuliko wanavyoijua nchi.

Ila dagaa wafunge kweli. Binti yangu anakaa ghorofa ya nne kwenye yale majengo marefu ya zamani, niliwakaanga siku ya pili tu, jioni jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna kitu kimeungua.

Kuhusu wakwe ngoja nikupe aibu yangu uitumie bure. Safari ya kwanza nilifika mwishoni mwa mwezi wa kumi. Binti kazini, mkwe kazini, mi nikasema Jumapili siwezi kufika kwa mkwe mwenzangu mikono mitupu, nikashuka peke yangu mpaka kituo cha tramu, hapo nje nakuta maua jamani, vyungu vimepangwa mpaka ukingo wa barabara, manjano, zambarau, meupe, ua moja kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na bei ya kutupa. Nikajua tu hapa ndo Mungu kanionyesha. Nikachukua chungu kikubwa kuliko vyote, cheupe, nikakificha balkoni siku mbili nikikimwagilia ili iwe sapraizi.

Jumapili tumefika. Mama wa watu anafungua mlango, anaangalia chungu, ananiangalia mimi, anarudi kwenye chungu. Nyuma yangu mwanangu akavuta pumzi nikaisikia mpaka mgongoni. Baba mkwe, mzee mmoja wa masharubu mazito, akageukia ukutani kama anatafuta swichi ya taa na taa ilikuwa inawaka. Kumbe yale ni krizantemi, kule ni maua ya makaburini, yanajaa barabarani wiki ile kwa sababu tarehe 1 Novemba nchi nzima inaenda kwa marehemu wake. Yaani ni sawa na uende kumpongeza mzazi umebeba shada la msibani. Alafu yule mama, Mungu ambariki, akakipokea kile chungu kwa mikono miwili, akakiweka chini, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, ndo akaanza kucheka na sisi wote tukacheka. Habari ya kile chungu haijaisha, ntairudia huko chini.

Kwa hiyo wewe beba maua lakini sio hayo, na yahesabu, yawe matatu, matano au saba, idadi ya kugawanyika kwa mbili ni ya misiba. Usimpe mtu mkono ukiwa umesimama kizingitini, subiri uingie ndani, wanaona ni mkosi. Viatu unavua mlangoni, unapewa ndala za ndani, kwa hiyo vaa soksi zisizo na tundu. Kula. Ukishiba kula tena kidogo. Wana msemo wao, „Gość w dom, Bóg w dom”, mgeni akiingia ndani Mungu kaingia, sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila kule mwenyeji haponi mpaka mgeni afungue kifungo cha sketi. Inaanza supu, inakuja nyama na viazi, inakuja keki, alafu wanauliza mbona hujala. Ukiona flaki kwenye menyu usiogope jina, ni supu ya utumbo, na kaszanka ni soseji ya damu, mtu aliyekulia kwenye kisusio hawezi kushtuka hapo.

*Shikamoo anti, mambo ya huko Kraków nimeyasikia sana. Mimi ni chalii wa Sakina, washkaji zangu wawili wanasoma chuo kikuu cha AGH hukohuko, wameniambia nije mwezi wa tano nikae nao wiki mbili hosteli. Nipe ramani ya mji, tunatembeaje, wapi pa kwenda, na nini cha kuepuka nisije nikalala ndani. – Chalii wa Sakina*

Marahaba mwanangu. Mwezi wa tano umechagua vizuri, baridi imepungua na wanafunzi wanakuwa na sherehe zao za juwenalia, kwa hiyo kulala ndo utasahau.

Kutoka uwanja wa Balice kuna treni inakufikisha stesheni kuu ndani ya kama dakika 20, usipande teksi ya mtu anayekuita. Euro hazitumiki madukani, hela yao ni złoty, unabadilisha kwenye vibanda vinaitwa kantor, vya mjini sio vya uwanja wa ndege. Mjini mnatembea kwa tramu na mabasi na hapa ndo nataka uniskilize. Hakuna konda. Hakuna anayegonga bati, hakuna anayekuuliza nauli, unaingia unakaa, unaona raha, unasema hawa watu wajinga. Tiketi unanunua kwenye mashine au kwenye simu, na ile ya karatasi lazima uigonge kwenye kijisanduku ndani ya tramu hapohapo ukipanda, bila kugonga ni kama huna. Kisha siku moja mwanaume mwenye jaketi la kawaida kabisa aliyekuwa amekaa pembeni yako anasimama anatoa kitambulisho. Wenyewe wanawaita kanary, wale ndege wa manjano. Mkwe wangu anasema wanatokea siku uliyosahau tu. Faini yake inakula hela ya chakula ya wiki na maelezo ya „mi mgeni” hayasikilizwi.

Kuvuka barabara taa nyekundu ya waenda kwa miguu hata kama hakuna gari, faini. Kunywa bia barabarani au kwenye bustani, faini. Na tangu Julai 2023 maduka ya Kraków hayauzi pombe kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, baa zinaendelea. Jumapili karibu zote maduka makubwa yanafungwa, ni sheria tangu 2018, sa usije ukakaa Jumapili na njaa, kaduka kanakoitwa Żabka, maana yake kijichura, utakakuta kila kona na mengi yao huwa wazi.

Pa kwenda. Uanzie Rynek, uwanja wao mkubwa wa katikati, upande kwa upande ni kama mita 200, umezungukwa na majumba ya zamani na bustani ndefu ya Planty imeuzunguka mji wa kale wote pale palipokuwa na ukuta. Simama chini ya kanisa la Bikira Maria lenye minara miwili isiyolingana saa inapogonga. Juu mnarani kuna mtu anapiga tarumbeta kila saa, mchana na usiku, anapiga pande nne za dunia, na wimbo unakatika ghafla katikati, hauishi. Hadithi yao ni kwamba zamani mlinzi aliwaona Watatari wanakuja akapiga kuamsha mji, mshale ukamwingia kooni hapohapo alipofika. Wapigaji ni askari wa zimamoto, na ule wa saa sita mchana unarushwa redioni nchi nzima tangu 1927. Mi niliusikia mara ya kwanza nikabaki nimetega sikio namsubiri amalizie, binti ananivuta mkono mama twende.

Ukiwa pale nunua obwarzanek, mkate wa duara wenye tundu, wanauza kwenye vigari vya kusukuma kama wauza karanga wa stendi. Jioni nendeni Kazimierz, Plac Nowy, mle zapiekanka, nusu mkate mrefu na uyoga na jibini juu. Chini ya kilima cha Wawel penye kasri la wafalme kuna sanamu ya joka linatema moto wa kweli, watoto wanapiga kelele na watu wazima pia.

Siku moja nzima mpe Wieliczka, ni jirani kabisa na mji, mgodi wa chumvi. Unashuka ngazi kama 380 za mwanzo tu, njia ya watalii inafika mita 135 chini ya ardhi, na huko chini kuna kanisa zima limechongwa kwenye chumvi, sakafu chumvi, madhabahu chumvi, mpaka taa zinazoning'inia ni fuwele za chumvi. Mgodi huo na mji wa kale wa Kraków viliingia kwenye orodha ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978, Ngorongoro yetu ikafuata 1979, hiyo waambie wakianza kukuringia. Na wakikuringia milima yao ya kusini waulize urefu. Mlima mrefu kuliko yote Polandi unaitwa Rysy, una mita 2,499. Kile kituo cha kwanza cha kulala njia ya Marangu, Mandara, kiko kwenye mita kama 2,700. Yaani sisi tunakunywa chai juu ya kilele chao, bado tuna siku nyingine za kupanda.

Mkipata nafasi nendeni na Oświęcim, kama kilomita 70, ndiko ilikokuwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani wa Hitler. Nafasi mnaweka mapema kwenye intaneti. Siku hiyo msipange kitu kingine jioni.

*Anti habari za kazi. Familia yangu ya watu wanne tumealikwa Krismasi kwa dada yangu Kraków. Mtoto wangu wa miaka saba ana pumu, nasikia hewa ya kule mbaya kuliko baridi yenyewe. Ni kweli? – Baba wa Njiro*

Ni kweli kwa sehemu. Kraków iko bondeni, upepo haupiti vizuri, na miaka mingi watu walikuwa wanapasha nyumba kwa majiko ya makaa ya mawe, baridi ikikaza moshi unakaa palepale kama jiko la kuni lisilo na dirisha. Tangu 1 Septemba 2019 mji umepiga marufuku kuchoma makaa na kuni majumbani na hali imekuwa nafuu, lakini vijiji vya pembeni moshi wao hauulizi mpaka. Wenyeji wana programu kwenye simu zinaonyesha hewa ya siku, asubuhi binti yangu anaiangalia kabla ya kuangalia mvua. Siku ikiwa mbaya mtoto abaki ndani. Ongea na daktari wake hapa kabla, beba pampu za kutosha na barua ya dozi, ziwe kwenye begi la mkononi sio la chini. Ada ya viza ya huyo wa miaka saba ni nusu, euro 45.

Baridi yenyewe utaizoea, nyumba ndani ni joto unavaa fulana. Kitakachokupiga ni giza. Desemba jua linazama saa tisa na dakika arobaini alasiri, bado hujatoa chai.

Krismasi yao ni jioni ya tarehe 24, wanaita Wigilia. Hakuna nyama, hakuna bia, wewe na mimi tuliozoea mbuzi asubuhi ya sikukuu tunapata tabu kidogo. Wanasubiri nyota ya kwanza itokee, watoto wamebandika pua dirishani, ndo wanakaa. Kabla ya kula kila mtu anashika mkate mwembamba kama hostia, opłatek, unazunguka unamega wa mwenzako naye anamega wako mnatakiana heri mmoja mmoja, hata uliyegombana naye, na hapo huwa kuna machozi. Vyakula ni aina 12, samaki wa karpa, supu nyekundu ya bitiruti na vitu vingine. Na mezani kuna sahani moja ya ziada haina mtu, ya mgeni asiyetarajiwa. Mi nikawaza watu wetu wanavyopandisha Moshi kila Desemba kutoka Dar na Mwanza, magari yamejipanga barabara nzima, na bibi amepika kwa idadi asiyoijua.

Kama dada yako ana wakwe wazee waambie unatoka karibu na Moshi. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa askofu mkuu wao wa Kraków kabla hajawa Papa, na Septemba 1990 alifika Moshi. Baba mkwe wa masharubu nilipomwambia hilo alinyanyuka kwenye kiti.

*Shikamoo anti. Mimi nakaa Tengeru. Kuna makaburi ya Wapolandi huku karibu na ziwa Duluti na kila mara naona wazungu wanakuja na magari wanawasha mishumaa. Rafiki yangu aliyeko Kraków kanialika, je, watu wa kule wanajua habari za Tengeru au ntaonekana natunga? – Binti wa Tengeru*

Hutungi mwanangu, na nafurahi umeuliza. Mwaka 1940 na 1941 Warusi wa Stalin waliwachukua Wapolandi kwa maelfu, familia nzima, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa wakatoka kupitia Uajemi mwaka 1942, wanaume wakaenda jeshini, akina mama na watoto wakapakiwa meli zikawaleta Afrika Mashariki. Tengeru ilikuwa kambi yao kubwa kuliko zote Afrika, walifika kama 5,000, walijengewa vibanda vya duara vya udongo na nyasi, wakawa na shule, kanisa, hospitali, mashamba. Vita vilipoisha wengi hawakutaka kurudi kwenye nchi iliyokuwa chini ya Warusi, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Makaburi karibu 150 yakabaki hapo ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Wanajua? Wengine wanajua sana, wengine hawajawahi kusikia. Mkwe mwenzangu hakuwahi kusikia.

Sa turudi kwenye kile chungu cha maua. Tarehe 1 Novemba mkwe mwenzangu huyohuyo alikuja kunichukua, chungu kimekaa mapajani kwangu kwenye tramu, na kila abiria alikuwa na chake, tramu nzima inanuka maua. Tukaenda makaburi ya Rakowicki, ya zamani sana, ya tangu 1803. Saa kumi na robo jua limeshazama na mishumaa imewashwa, iko kwenye vikombe vya kioo vyekundu, vyeupe, vya buluu, kila kaburi limejaa mpaka ukingoni, hata yasiyo na watu kuna mtu kapita kaweka mmoja. Joto lake unalisikia usoni. Watu wanatembea polepole wanaongea kwa sauti ya chini, watoto wanabeba viberiti. Tulipofika kwenye kaburi la mama yake akaniashiria nikiweke mwenyewe kile chungu, nikakiweka.

Hapo ndo nikamwambia habari ya Tengeru, binti anatafsiri. Nikamwambia wako watu wenu kwetu, chini ya miti, karibu na ziwa, na mlango wao una maandishi ya Kipolandi. Aliuliza mara mbili kama nasema kweli. Wakati wa kutoka akasimama kwa muuzaji getini, akanunua mshumaa mmoja wa kioo chekundu chenye kifuniko, akauvingirisha kwenye skafu yake akautia kwenye begi langu, hakusema kitu.

Nilirudi mwezi wa kumi na mbili, wiki hiyohiyo nikapanda hiace mpaka Tengeru sokoni na boda mpaka getini. Upepo ulikuwa unavuma, njiti tatu za kiberiti zikazimika, yule anayelinda makaburi akaja akakinga na kofia yake ndo ukashika. Tukauweka kwenye kaburi la mtoto, jina siwezi kulitamka. Nikamwachia namba yangu. Kesho yake saa moja asubuhi akanipigia, akasema mama, mvua imenyesha usiku kucha na bado unawaka.